Dinari Mbili za Msamaria



Jumapili ya leo Mwinjili Luka, katika sura yake ya 10, anatupeleka tena kwenye ile njia iteremkayo kutoka Yerusalemu hadi Yeriko. Habari ya Msamaria Mwema twaijua sote. Hata watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza waweza kuisimulia bila kuruka neno, na pengine kwa sababu hiyo sisi wakubwa huisikiliza kwa sikio moja. Tunangoja kuhani apite, Mlawi apite, Msamaria ashuke, kisha mioyoni mwetu tunafunga kitabu. Lakini Luka hakufunga kitabu hapo. Ameendelea kutueleza juu ya mafuta na divai, juu ya mnyama aliyembeba majeruhi, juu ya nyumba ya wageni na usiku wa kuuguza, juu ya dinari mbili alizoachiwa mwenye nyumba, na juu ya ahadi ya kurudi na kulipa kitakachozidi. Kumbe kumwokota majeruhi njiani ulikuwa mwanzo tu wa kazi.

Leo tungependa tukae kidogo katika ile nyumba ya wageni. Nasi tutatumia mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi yenu, yaani kazi ya wale wanaojitolea kuwaokoa na kuwauguza wanyama wa porini waliojeruhiwa, hata wapate kurudi tena msituni.

Sisi tunaoishi Themi, chini ya Mlima Meru, hatuna haja ya kusafiri mbali ili kumwona mnyama wa porini. Mto wetu unateremka kutoka mlimani na kupita katikati ya jiji la Arusha, na popote miti ya kandokando yake ilipobaki, kima, tumbili na hondohondo huifuata mpaka karibu na milango yetu. Kule juu, katika msitu wa Ngurdoto, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1960, wanaishi mbega wenye manyoya meusi na meupe. Lakini mji unapanuka. Barabara zimetiwa lami, nyaya za umeme zimepita juu ya matawi, mbwa wameongezeka, na vijana wetu wana manati. Haupiti muda mrefu kabla mtu hajamkuta tumbili aliyegongwa na pikipiki, au ndege aliyenaswa miguu kwa uzi wa plastiki, au bundi aliyevunjwa bawa kwa jiwe kwa kuwa eti amekuja kuita kifo. (Makatekista, hilo la bundi lastahili somo lake peke yake. Mkristo aliyebatizwa, anayeungama kwamba uhai na mauti vi mikononi mwa Mungu, anatafuta nini kumpiga mawe ndege alaye panya wa shambani mwake?)

Tuseme wazi, tusije tukayapotosha Maandiko. Mwalimu wa sheria alipouliza jirani yake ni nani, Bwana wetu alimjibu kwa habari ya binadamu aliyepigwa na kuachwa nusu mfu. Jirani ni mtu. Hatusemi kwamba tumbili ni jirani kwa maana ile ile. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2418, inashika pande zote mbili kwa pamoja: kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mtu mwenyewe, na vilevile si haki kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za wanadamu. Basi yule mzee anayeuliza kwa nini tuzungumzie dawa za tumbili wakati wagonjwa wetu wanakosa dawa, hasemi upuuzi. Swali lake limo katika Katekisimu.

Hata hivyo kuna swali jingine la kumrudishia, kwa heshima. Yule kuhani na yule Mlawi hawakupita upande wa pili kwa sababu walikuwa wanakwenda kumhudumia majeruhi mwingine aliye muhimu zaidi. Walipita tu. Mara nyingi anayesema watu kwanza, wanyama baadaye, ukimwuliza juma hili amemtembelea mgonjwa yupi, hana jina la kukutajia. Mwinjili Yohane anatukumbusha kwamba yule aliyeyasikitikia maskini siku ya marhamu ya Bethania hakuwa na uchungu wowote juu ya maskini. Fedha ndiyo inayopungua inapotolewa, na juu ya fedha Kanisa limekwisha kusema. Huruma si debe la mahindi, kwamba ukimpimia huyu, yule anakosa.

Na Maandiko Matakatifu hayakuwasahau viumbe hawa. Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Kutoka, inamwamuru mtu akimkuta punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asimwache. Sharti asaidiane na adui huyo kumwinua. Kumbukumbu la Torati linakataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Mungu alipomkemea Yona juu ya Ninawi, alihesabu watu, kisha akataja na wanyama wengi. Naye Yesu alizungumzia mashomoro kwa bei ya sokoni. Katika Mathayo wawili wanauzwa kwa sarafu moja. Katika Luka watano kwa sarafu mbili. Fanyeni hesabu, mama zetu mnaouza nyanya soko la Kilombero: ndege wa tano ni wa nyongeza! Hana bei kabisa, muuzaji ameongeza tu ili mteja aridhike. Na Yesu anasema huyo naye hasahauliwi mbele ya Mungu.

Sasa twende Diani, kusini mwa Mombasa. Pwani ile ilikuwa na msitu uliofika karibu na mchanga wa bahari, na sehemu zake ni kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ambayo wazee waliilinda kwa vizazi vingi. Hoteli zikajengwa, msitu ukakatwa vipande vipande, barabara ya lami ikapita kati. Mbega wa pale, ambao wenyeji huwaita makuluzu, wanakula majani juu ya miti na hupenda kukaa huko juu. Barabara ilipowatenga na miti ya ng'ambo, ikawabidi kushuka chini na kuvuka, na magari yakawaua mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1997 watu wachache waliochoshwa na mizoga ile waliunda chama kidogo, wakakiita Wakuluzu, maana yake marafiki wa mbega. Hawakuwa na kitu kikubwa. Walitengeneza ngazi za waya na vipande vya mpira, wakazitundika juu ya barabara kutoka mti hadi mti, mfano wa daraja. Mbega, ambao hakuna aliyewafundisha, wakaanza kupita juu, na magari yakapita chini. Kima na tumbili nao wakafuata. Ngazi hizo zipo mpaka leo, nazo zimeongezeka.

Lakini magari hayakuwa adui pekee. Mbega anapoushika waya wa umeme hudhani ni mtambaa-miti kama mingine, akigusa na wa pili anaungua. Mara nyingine mama anakufa, na mtoto, ambaye kwa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, anakutwa amening'inia kifuani mwa maiti. Basi wale wa kujitolea hupokea simu mchana na usiku, huenda na boksi na blanketi, humleta majeruhi kwa daktari wa mifugo, humfunga vidonda. Aidha hukata matawi yaliyo karibu na nyaya, na hushirikiana na shirika la umeme kuzifunika nyaya zenyewe. Hutembea msituni wakitegua mitego. Twapenda mzingatie jambo hili: wao hawakuishia kufunga vidonda. Waliuliza vidonda vinatoka wapi. Kama Msamaria angepita njia ile kila juma na kila juma akamwokota mtu mwingine aliyepigwa, nadhani mwishowe angekwenda kumtafuta akida wa Yeriko amwulize juu ya wale wanyang'anyi.

Na uuguzaji wenyewe ni kazi ya uvumilivu mwingi. Mtoto wa mbega ni mgumu mno kulea kwa mkono wa mtu, kwa kuwa tumbo lake limeumbwa kwa ajili ya majani na lategemea vijidudu vyema anavyovipata kwa mama yake. Chakula cha haraka haraka kinamwua. Tumbili mtoto hulelewa kwa urahisi zaidi, lakini naye hawezi kurudishwa msituni peke yake. Inabidi aunganishwe na yatima wenzake mpaka wawe kundi, lenye mkubwa wake na adabu zake, ndipo wote waachiwe pamoja. Hapo tunaona hekima ya wazee wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Majeruhi anayelishwa mkononi daima hajaponywa. Jembe la tumbili ni kujua kupanda mti, kuogopa mbwa, kutafuta tunda mwenyewe na kutomwamini mwanadamu.

Hilo la mwisho linatuuma kidogo, lakini ndilo kweli. Anayemlea mnyama wa porini kwa haki analelea kusahauliwa. Bibi Daphne Sheldrick wa Kenya, aliyefariki mwaka 2018, alijifunza jambo hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi ndama wa tembo waliofiwa na mama zao walikuwa wakimfia mikononi, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayawafai. Hatimaye akagundua maziwa ya unga yenye mafuta ya nazi. Mtoto wa tembo aliyeitwa Aisha akaishi kwa maziwa hayo miezi kadhaa, akinawiri. Kisha Bibi Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake. Aisha hakuwa amekosa maziwa wala mtu wa kumpa, ila alikosa yule mmoja aliyemzoea. Akaacha kula, akafa kwa huzuni. Tangu hapo kanuni katika makao yale ya yatima ya Nairobi ni kwamba ndama asimtegemee mtu mmoja. Watunzaji hupokezana, hata usiku wanalala zizini kwa zamu, na ndama akikua hupelekwa Tsavo kuchanganyika na tembo wa porini, aende zake siku atakayotaka mwenyewe. Wapo waliorudi baada ya miaka, wakiwa na watoto wao waliozaliwa porini, wakasimama kidogo, wakaondoka.

Nchini kwetu ushahidi upo pia. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya waliletwa kwa meli na kuachiwa katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria. Wazao wao wanaishi huko hadi sasa, wanajitafutia chakula, wanajenga matandiko yao juu ya miti, na hawamhitaji mtu.

Turudi kwenye zile dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tusomavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Msamaria aliacha mshahara wa siku mbili mezani. Mwenye nyumba ya wageni alilipwa, na Yesu hakumdharau kwa kulipwa. Tunasema hivi kwa sababu wako wanaodhani kwamba kazi ya huruma ikiguswa na fedha imeharibika. Kule Watamu, kaskazini mwa Diani katika pwani hiyo hiyo, chama kingine kidogo kilichoanza mwaka 1997 kinawahudumia kasa. Mvuvi akimkuta kasa amenaswa katika wavu wake, badala ya kumchinja anapiga simu. Wanakuja, wanampima kasa, aliye mzima anarudishwa baharini, aliyejeruhiwa au aliyemeza plastiki anapelekwa kwenye mabwawa ya kumuuguzia. Mvuvi naye anapewa kiasi kidogo cha fedha kwa ajili ya simu yake na muda wake. Hakifiki bei ya nyama ya kasa. Lakini mtu mwenye watoto wanaongoja chakula cha jioni, ukimwambia apoteze asubuhi yake nzima kwa bure, unamtwisha mzigo usiougusa wewe hata kwa kidole kimoja. Fedha ile ni dinari ya mwenye nyumba ya wageni. Inamwezesha maskini naye awe mwenye huruma.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo katika Meru haifai kulinyamazia. Kwa wengi wetu neno uhifadhi lina kidonda ndani yake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wale walifukuzwa kwa ajili ya ng'ombe wa wazungu, si kwa ajili ya twiga. Lakini mtu aliyechomewa nyumba ya babu yake hatofautishi sana, na kila akisikia kwamba ardhi fulani ni ya wanyama, moyo wake unashtuka. Hata leo mkulima anayepakana na hifadhi anakesha na debe na tochi. Tembo mmoja kwa usiku mmoja anamaliza ada ya shule ya mwaka. Serikali, kwa kanuni za mwaka 2011, imeweka malipo ambayo kwa lugha yetu nzuri yanaitwa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia kamili.

Basi anayewahubiria watu wa namna hiyo kumhurumia mnyama, na kwanza akae nao shambani usiku mmoja. Mwalimu Nyerere, katika tamko lake la Septemba 1961 hapa hapa Arusha, miezi michache kabla ya Uhuru, aliahidi kwamba wanyama wetu ni amana ambayo Taifa litawatunzia wajukuu. Amana ni neno zito. Lakini anayekeshea amana hiyo ni yule mkulima, na mwenye nyumba ya wageni asipolipwa atafunga mlango. Hayati Papa Fransisko aliliona hili katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kuitunza nyumba yetu ya pamoja: kilio cha dunia na kilio cha maskini vinasikika pamoja. Jumuiya inayomchangia jirani mwenye shamba lililoliwa na nyani imefanya kazi ya uhifadhi kuliko inayopanda miti mbele ya wapiga picha.

Sasa tuseme machache ya vitendo, maana tumepata kuulizwa na vijana wa parokia. Kwanza, kwa sheria ya mwaka 2009 mnyama wa porini ni mali ya umma, na hairuhusiwi kumweka nyumbani bila kibali, hata kama nia ni njema. Kazi yako ni ya Msamaria: kumfikisha kwenye nyumba ya wageni. Pili, si kila anayeonekana yatima ni yatima. Mtoto wa swala huachwa na mama yake amejilaza majanini kutwa nzima, naye mama yu karibu, ukimbeba umemwiba. Kinda lenye manyoya linalorukaruka chini linajifunza kuruka, mfunge paka na ondoka. Tatu, aliyejeruhiwa kweli umfunike kwa kitambaa, umweke ndani ya boksi lenye matundu mahali penye giza na kimya, usimpe maziwa wala ugali, usimwite mtaa mzima uje kumtazama. Hofu inaua kama jeraha. Nne, tumbili, popo na mbwa-mwitu wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, si ya kesho. Watoto wasiruhusiwe kuwashika kabisa.

Makatekista wanaoandaa Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, tarehe 4 Oktoba, ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa watu wanaoshughulikia mazingira, wanaweza kuwapeleka watoto kando ya Mto Themi siku hiyo, wakusanye nyuzi na mifuko iliyonasa matawini. Wachukue gunia na glovu. Wasisahau kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa. Na tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo imtafute afisa wanyamapori wa halmashauri, namba yake ya simu iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa mlangoni pa ofisi ya parokia, pamoja na ile ya zahanati na ile ya zimamoto.

Tumsifu Yesu Kristo.